Kizingiti

Siku ile Mwalimu Barke aliingia darasani
na sanduku la kioo, kalikopa kwa fundi wa madirisha wa Langoni.
Katikati katia ubao, kauziba kwa nta,
na ubaoni matundu mawili, moja juu, moja chini,
yote yamefungwa kwa vizibo vya chupa.

Upande huu maji ya mvua, meupe, matupu.
Upande wa pili maji aliyoyakoroga chumvi kilo nzima,
kisha akayatia bluu ya kufulia kanzu.

"Huu mlango," alisema, "ni Babul-Mandabu.
Kulia bahari yetu. Kushoto Bahari ya Shamu:
haina mto unaoingia, mvua yake ya kuhesabu,
jua linainywa mchana kutwa wala halishibi.
Haya, nikizibua, kutatokea nini?"

Tulisema yatachanganyika. Tulisema yatagombana.
Mwanamkuu alisema yatatulowesha.
Akazibua.

Hayakugombana.
Ya bluu yalishika tundu la chini, kimya,
kama mtu atokaye msikitini akitafuta viatu vyake;
meupe yakapita juu, mepesi, hayana habari.
Njia mbili katika mlango mmoja,
wala bega halikugusa bega.

"Maji yakikaa sana juani
hupungua wingi, huzidi uzito.
Huko kaskazini yakipigwa na baridi, huzama.
Kisha hurudi, lakini kwa chini, kwa chini,
mengine baada ya miaka thelathini,
mpaka yafike mlangoni, penye kilima ndani ya maji,
wataalamu hukiita kizingiti,
yapande, yakivuke, yatoke."
Miezi ya joto pepo huvuruga mambo, huwa tabaka tatu,
lakini hilo, alisema, haliji kwenye mtihani.

Darasa zima likanigeukia.
Mimi ndiye wa Kizingitini.
Na mama yangu ndiye aliye Jidda.

Nyumbani kwa shangazi, Mkomani, sikulala.
Nilihesabu yaliyoingia kwa juu:
mabuibui mawili, kichupa cha udi, simu yenye ufa,
pesa za ada kila mwanzo wa mwezi,
sauti ya Alhamisi inayocheka mapema mno,
kabla sijasema la kuchekesha.
Na ya chini, nikajiuliza, yanapita wapi?

Alirudi mwaka wa saba.
Ndege ilitua Manda, boti ikamvusha na begi moja.
Watu walimtazama usoni, wakasema hakubadilika.
Mimi nilimshika mkono.
Ulikuwa mzito.

Hakusimulia. Si siku ile, si wiki ile.
Alikaa ukingoni mwa birika la chooni,
lile la chokaa, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu,
akateka kwa kata, akamwaga, akateka.
"Mai haya," aliuliza, "hutoka wapi?"
"Kisimani, mama."
"Na huenda wapi?"
"Mferejini. Kwenye migomba. Sijui."
Akanyamaza kama asikilizaye hesabu ya deni.

Shangazi alitaka nimuulize. Mtaa mzima ulitaka.
Walimletea mikate ya sinia na maswali,
walikula wenyewe mikate, wakaondoka na maswali.
Mimi nilikuwa nimeliona sanduku la kioo.
Niliketi sakafuni, usawa wa nyayo zake,
maana mkondo wa kurudi haupiti usoni.

Usiku wa tisa, au wa kumi, sikumbuki,
umeme umekatika, feni imetulia,
visamaki vinasikika vikigusa uso wa maji,
nikasikia koo lake likipanda kitu.

"Kulikuwa na mtoto," alisema. "Fahda.
Neno lake la kwanza lilikuwa mama,
na aliniambia mimi."

Nikasogea kidogo,
mlango upate upana.